Muvi tamu kwa macho, ngumu kwa kichwa: Familia ifanye nini?

Wiki hii safu yetu inaingia sebuleni, pale ambapo rimoti ni moja na watu ni sita.

Katika meseji mnazotuma kuna lalamiko moja linalojirudia. Filamu inachaguliwa ili familia iangalie pamoja. Inaanza vizuri, picha ni kali, mavazi yamependeza, muziki umetulia. Nusu saa baadaye baba amesinzia, mama yupo kwenye simu, na kijana aliyebaki macho anauliza, "Kwani huyu ni nani tena?" Hakuna wa kumjibu. Filamu inaisha, kila mtu anakwenda kulala, na hakuna aliyezungumza na mwenzake.

Leo nimechukua filamu moja ya namna hiyo, kwa sababu imewagawa watazamaji kweli kweli, na kwa sababu ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi wazazi kuliko inavyoonekana. Inaitwa No Sudden Move. Ilitoka Julai 2021 kupitia HBO Max. Mwongozaji ni Steven Soderbergh, yule wa Ocean's Eleven, Erin Brockovich na Contagion. Hadithi imeandikwa na Ed Solomon.

Waigizaji wake ni majina makubwa: Don Cheadle, Benicio del Toro, Ray Liotta aliyefariki 2022, Jon Hamm, Brendan Fraser, Kieran Culkin na Amy Seimetz. Yumo pia David Harbour, ambaye vijana wenu wanamjua kama yule askari wa Stranger Things. Matt Damon naye anatokea kuelekea mwisho bila jina lake kuandikwa kwenye orodha ya waigizaji.

Kisa kwa kifupi

Ni mwaka 1954, jijini Detroit, Marekani, mji uliokuwa moyo wa utengenezaji wa magari. Curt Goynes, anayeigizwa na Cheadle, ametoka jela karibuni na mfukoni hana kitu. Anapewa kazi ya saa chache kwa ujira unaoonekana mkubwa kuliko kazi yenyewe. Hapo tu mtu mzima unajua kuna namna.

Kazi ni hii: yeye na wenzake wawili wavae vinyago, waingie nyumbani kwa mhasibu wa kampuni ya magari aitwaye Matt Wertz, wawaweke mke na watoto wawili chini ya ulinzi, huku mhasibu akipelekwa ofisini kuchukua karatasi kwenye sefu ya bosi wake. Akileta karatasi, kila mtu anakwenda zake.

Mhasibu anafika kwenye sefu. Anakuta tupu.

Kuanzia hapo mambo yanaanza kuzaliana. Kila aliyetuma mtu, naye ametumwa. Kila anayetafuta karatasi ile, nyuma yake kuna mwingine mwenye fedha zaidi. Majina yanatajwa kabla sura hazijaonekana, na sura zinaonekana kabla majina hayajatajwa. Mpaka unamaliza bakuli la bisi, umeshapoteza hesabu ya nani anamdanganya nani.

Watazamaji wamegawanyika makundi matatu

Wahakiki wengi waliisifu filamu hii ilipotoka. Watazamaji wa kawaida hawakuwa na sauti moja, na ukikaa nao unaona wamegawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wanaopenda macho yashibe. Hawa hawana shida na hadithi. Wanaangalia magari yale mapana yenye mapezi, makoti, kofia, mapazia ya maua, jiko la mama Wertz lililopangwa vitu kwa ustadi. Wanajua kwamba Soderbergh mwenyewe ndiye aliyeshika kamera, akitumia jina la Peter Andrews, na ndiye aliyehariri, akitumia jina la Mary Ann Bernard. Kwao, kila picha ni ya kutundika ukutani.

Ila hata ndani ya kundi hili kuna ugomvi. Soderbergh alitumia lenzi pana za zamani, na matokeo yake pembeni mwa picha kuta zinapinda na watu wanavutika, kana kwamba unachungulia kwenye kile kitundu cha mlangoni. Wapo waliopenda, wakasema inakufanya uhisi kwamba ndani ya nyumba ile hakuna kilichonyooka. Wapo waliodhani televisheni yao imeharibika.

Kundi la pili linataka hadithi. Hili ndilo kubwa, na mimi naliheshimu. Wengi wetu tumekuzwa na sinema za vibandani, ambako swali la kwanza ukiketi ni moja: steringi ni nani? Ukishamjua steringi na adui wake, unatulia, kwa kuwa unajua pia kwamba steringi hafi. Na kama lugha ilikupiga chenga, alikuwapo mkalimani anayekutafsiria kila kitu kwa Kiswahili, na kuongeza chumvi yake.

No Sudden Move haikupi raha hiyo. Curt unampenda, lakini naye ni mhalifu anayeingia nyumba ya watu na bastola. Polisi wapo, lakini huna uhakika wanamfanyia nani kazi. Mtu unayedhani ndiye adui mkuu anaondoka mapema, anakuja mwingine, kisha mwingine. Wanaolalamika wanasema: kama mtunzi anataka nifikirie, sawa, lakini anipe pa kushika.

Kundi la tatu ni la wanaorudia. Hawa wanadai kwamba mara ya kwanza hawakuelewa, mara ya pili wakafurahia, kwa sababu walishajua karatasi ile ni ya nini. Wanasema filamu inakuchanganya kwa makusudi: Curt na mwenzake Ronald ni watu wa chini waliotumwa kubeba kitu wasichokijua thamani yake, na wewe mtazamaji unawekwa gizani pamoja nao.

Mimi nasimama wapi? Nakubaliana na kundi la tatu kwa nusu. Ni kweli giza lile lina maana. Lakini katikati ya filamu watu wanaingia na kutoka kama stendi ya mabasi, na hakuna maana yoyote iliyohitaji majina yote yale. Filamu inaweza kuwa na jambo la kweli la kusema na bado ikawa imelisema kwa kuzungukazunguka. Msiogope kusema hivyo mbele ya watoto eti kwa kuwa mwongozaji ana tuzo ya Oscar.

Aliyeelewa alikuwa fundi

Niwape kisa cha nyumbani kwangu. Jumamosi moja tuliiangalia watu wanne: mimi, baba watoto, kijana wetu wa kidato cha tano, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi gereji. Shemeji aliishia darasa la saba. Kiingereza chake ni kile cha vipuri.

Kijana ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, na kadiri filamu ilivyokwenda ndivyo alivyozidi kupungukiwa na maneno. Baba watoto alishatangaza mara mbili kwamba hii muvi haina kichwa wala miguu. Ndipo kikafika kile kipande ambacho inaanza kueleweka kwamba karatasi inayotafutwa ni michoro ya kifaa cha kufungwa kwenye gari ili kupunguza sumu ya moshi.

Shemeji akakaa wima. "Si masega hayo?"

Tukanyamaza.

"Masega," akarudia. "Yale ya kwenye bomba la moshi. Ndiyo wanayouana kwa ajili yake."

Kijana akasimamisha picha. Kwa dakika kumi zilizofuata ba'mdogo ndiye aliyekuwa mwalimu, anachora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Tulipoendelea kuangalia, wote wanne tulikuwa tunaifuata. Nikajifunza kwamba kuelewa filamu si lazima kuanzie kwa mwenye Kiingereza kingi.

Masega na moshi wa watoto wetu

Kwa wasiofuatilia mambo ya gereji: masega ni kifaa kinachofungwa kwenye njia ya moshi ya gari. Ndani yake mna kauri yenye matundu madogo madogo mfano wa sega la nyuki, iliyopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ukipita humo ukiwa wa moto, gesi zenye sumu kama kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli isiyoungua hubadilika na kuwa gesi zisizo na sumu ile. Ndiyo maana pia masega yanaibwa na kuuzwa: ni yale madini.

Sasa rudi kwenye filamu. Kisa cha mhasibu na vinyago kimetungwa. Lakini jambo lililo nyuma yake ni la kweli, na maandishi ya mwisho wa filamu yanalitaja. Msizime televisheni kabla ya kuyasoma.

Mapema miaka ya 1950 wanasayansi wa California walishaonyesha kwamba ule ukungu mchafu uliokuwa ukiwachoma watu macho jijini Los Angeles ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari. Katika miaka hiyo hiyo Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alikuwa akitengeneza vifaa vya kusafisha moshi huo. Kwa hiyo wazo lilikuwapo.

Mwaka 1969 Wizara ya Sheria ya Marekani ilizishtaki kampuni nne kubwa za magari, yaani General Motors, Ford, Chrysler na American Motors, pamoja na chama chao. Madai yalikuwa kwamba tangu angalau mwaka 1953 walikula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza sumu ya moshi, kwa kukubaliana kwamba asitokee mmoja wa kumtangulia mwenzake. Kesi ilimalizwa mwaka huo huo kwa makubaliano. Kampuni hazikukiri kosa na hazikutozwa faini. Masega yalianza kufungwa kwa wingi kwenye magari mapya ya Marekani ya toleo la mwaka 1975, baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 kuwabana.

Hesabu mwenyewe. Kati ya 1953 na 1975 ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa njama hiyo alikuwa ameshakuwa mtu mzima, mapafu yake yamekua ndani ya moshi ule.

Na usiseme hayo ni ya Wamarekani. Masega yanaharibiwa na petroli yenye risasi, ile iliyokuwa ikichanganywa na madini ya risasi ili injini isigonge. Ndiyo maana kule Marekani masega na petroli isiyo na risasi viliingia pamoja. Huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara, petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa mpaka nchi zikaachana nayo kufikia Januari 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021, mwezi ule ule filamu hii ilipotoka.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inadhuru ubongo wake, hata ikiwa kidogo. Sisi tuliozaliwa miaka ya 70, 80 na 90, tuliocheza kandokando ya barabara kuu tukihesabu magari, tulivuta moshi huo bila mtu kutuambia. Katika filamu hii wanakufa watu kadhaa kwa risasi za bastola, na kila mlio unaushtua moyo. Risasi ile ya kwenye petroli haikuwa na mlio.

Kwa hiyo baba au mama mwenye gari, chukua hili hata kama filamu hutaiangalia: ukiacha gari lako gereji, jua kama masega yake yapo na yarudi yakiwapo. Gari litatembea bila hayo, ndiyo, na wapo watakaokwambia linakuwa jepesi zaidi. Lakini anayekaa nyuma ya bomba lile, kwenye foleni ya asubuhi, ni mtoto wako ndani ya basi la shule lililoko nyuma yako, au ni mtoto wa mwenzako anayevuka kwa miguu.

Baba mwenye siri

Upande wa pili wa filamu hii ni nyumba ya Wertz, na hapa ndipo nadhani wazazi wengi walipita haraka wakikimbizana na majambazi.

Matt Wertz si mtu mbaya wa kutisha. Ni baba wa kawaida, mwenye tai, anayekwenda kazini na kurudi. Lakini ana uhusiano na katibu muhtasi wa bosi wake, na siri hiyo inahusika na ile sefu. Wale watu wenye bastola wamemchagua yeye kwa sababu wanajua ana mlango uliofunguka. Familia yake inawekwa mateka asubuhi moja, lakini ukitazama vizuri, uongo ulikuwa umeshaishi ndani ya nyumba ile muda mrefu kabla ya vinyago kubisha hodi.

Mke wake, Mary, anaanza kuunganisha vipande akiwa amekaa mezani mbele ya mtu mwenye silaha. Hawezi hata kugomba. Na kijana wao mkubwa anaangalia yote. Anamwangalia baba yake akitetemeka, akitoa ahadi, akijichanganya kwa maneno. Kuna kipande ambacho Wertz anampiga bosi wake huku anamwomba radhi kwa kila ngumi. Watu wanacheka hapo, na kweli kinachekesha. Lakini ni kicheko cha kumwona mtu aliyezoea kuwa mpole mbele ya wakubwa, na sasa hana njia nyingine ya kuokoa watoto wake isipokuwa aliyoizua mwenyewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Filamu hii inaongeza kwamba huwa haitembei peke yake, inawaburuta na wa nyumbani.

Sisemi mwangalie filamu ili mtafutane makosa. Lakini kama una kijana mkubwa, mwulize swali moja tu baadaye: unadhani yule mtoto wa Wertz atamwamini baba yake tena? Kisha nyamaza usikilize. Unaweza kusikia jambo kuhusu nyumba yako ambalo hukuwahi kuambiwa.

Kingine kinachopita haraka

Wahusika wanagusia mara moja moja kubomolewa kwa mitaa ya watu weusi wa Detroit. Nalo ni la kweli. Mtaa wa Black Bottom na jirani yake Paradise Valley, wenye makazi, maduka, makanisa na kumbi za muziki za watu weusi, ilibomolewa katika miaka ya 1950 na 1960 kwa jina la kuboresha mji, na barabara kuu ikapita juu yake. Sisi tunalo neno letu, bomoabomoa, na tunajua mtu aliyepigiwa alama ya X ukutani anajisikiaje. Ukijua hivyo, unaelewa kwa nini Curt, mtu mweusi, anang'ang'ania kupata fedha zake na haki yake katika mji ambao kila mwenye nguvu anampora kidogo.

Na bila kuwaharibia mwisho, niseme hivi: fuatilieni fedha. Angalieni zinatoka mkononi mwa nani, zinapita kwa nani na nani, na mwishowe zinalala wapi. Hapo ndipo mtunzi ameficha hoja yake.

Kama mtaiangalia

Kwanza umri. Marekani imewekwa kwenye daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 anatakiwa awe na mzazi au mlezi. Kuna matusi mengi, kuna mauaji, na kuna mazungumzo ya kikubwa. Ushauri wangu: chini ya miaka 16 msiwaweke, hata kama wanasema wameshaona makubwa zaidi kwenye simu. Wadogo walale kwanza. Mtoto mdogo kuona mama na watoto wakishikiwa bastola jikoni kwao ni jambo linaloweza kumfuata kitandani.

Pili, shikeni mambo manne kabla ya kuanza, mtapunguza maumivu ya kichwa. Capelli na Watkins ni wakubwa wawili wa uhalifu mjini, na kila mmoja ana kinyongo na Curt. Ronald, mwenzake Curt, ana uhusiano na mke wa Capelli. Bosi wa Wertz anaitwa Forbert, na ndiye mwenye ile sefu. Na karatasi inayotafutwa ni michoro ya masega. Hayo hayaharibu utamu. Yanawapa tu pa kushika.

Tatu, simamisheni picha. Sijui nani alitufundisha kwamba filamu ikisimamishwa imeharibika. Kila nusu saa, mmoja aeleze alichoelewa kwa maneno yake. Anzeni na mdogo kuliko wote aliyepo. Mkubwa akianza, wadogo wataitikia tu.

Nne, na hili ndilo gumu kwa wazazi wengi: ukiulizwa na hujui, sema hujui. Nimeona baba akitunga majibu mpaka filamu inamaliza na majibu yote yamekuwa uongo. Nimeona mama akimfokea mtoto, "Nyamaza uangalie," kumbe naye amepotea. Mtoto anayeona mzazi wake akisema "Hata mimi hapa nimeachwa, turudishe nyuma" anajifunza kwamba kutoelewa si aibu. Kesho akikwama kwenye hesabu, au akiingia kwenye jambo zito na marafiki, atakuwa na mfano wa namna ya kuomba turudi nyuma. Yule anayeona kwamba nyumbani kwao kila mtu anajifanya anajua, naye atajifanya.

Tano, msilazimishe. Kama baada ya nusu saa nyumba nzima imechoka, zimeni, wekeni nyingine. Filamu si dawa ya malaria kwamba lazima umalize dozi. Kilichowakutanisha sebuleni ni nyinyi, si Soderbergh.

Wale mlioiangalia, nataka kusikia. Je, mliifuata mpaka mwisho? Steringi wenu alikuwa nani, Curt au mama Wertz? Na vijana wenu walisema nini kuhusu yule baba? Nitumieni meseji fupi, mkitaja umri wa mtoto bila jina lake, nami nitachagua chache za kujadili hapa.

Wiki ijayo tutazungumzia swali lililoulizwa na wengi mwezi huu: kijana wa kidato cha nne apewe simu yake mwenyewe kabla au baada ya mtihani? Mpaka hapo, muwe na Jumapili njema.